Nyama ya mwenye udongo: namna majirani walivyokuwa wakiwinda kati ya Kasongo, Kabambare na Salamabila

SALAMABILA, Maniema – Mwezi wa 8 mwaka 1870, Mzungu mmoja mwenye vidonda vya miguu alikuwa amekwama Kabambare, hawezi kutembea. Jina lake David Livingstone. Katika daftari lake mji aliuita Bambarre. Tarehe 24 ya mwezi huo aliandika habari fupi: jana yake soko wanne waliuawa. Majani yalichomwa sehemu kubwa, moto ukawatoa porini, na walipotokea peupe wakapigwa mikuki. Soko ndio wale ambao wengi leo wanawaita sokwe.

Habari hiyo ni ya mistari michache tu, lakini ndiyo moja ya maandishi ya zamani kabisa juu ya uwindaji katika nchi hii ya kusini mwa Maniema, na inastahili kusomwa polepole. Moto wa kuwindia haukuwa kazi ya mtu mmoja. Majani ya mbuga zetu hukauka kiangazi, na moto ukishawashwa hauulizi mpaka. Unaruka kijito, unaingia upande wa jirani, unafukuza nyama wake kuwaleta kwako au wako kuwapeleka kwake. Mtu akiwasha mapema, amemwibia jirani mawindo ya mwaka mzima. Akiwasha siku yenye upepo mbaya, amemchomea shamba la mihogo na paa la nyumba. Kwa hiyo pahali pote penye uwindaji wa moto palikuwa na mtu mwenye haki ya kutoa siku, na siku hiyo ilitangazwa kwa majirani, nao walikuja na mikuki yao.

Mtu huyo ndiye mwenye udongo. Si lazima awe sultani. Mara nyingi alikuwa mkubwa wa ukoo uliofika kwanza pahali pale, ukoo wenye makaburi yake pale. Kwa Wabangubangu, Wabuyu na Wahombo wa upande wa Kabambare, kama kwa Wazimba wa upande wa Kasongo, pori halikuwa la bure. Liligawanywa kwa vijito, vilima na matongo ya zamani, na kila mwindaji alijua akivuka maji fulani ameingia kwa nani. Kuvuka hakukukatazwa. Kuvuka kimyakimya ndiko kulikokatazwa.

Kanuni za ujirani huo zilikuwa nyingi, ila tatu zinarudi karibu kila pahali wazee wanapozungumza. Ya kwanza ni ya wavu: nyama ni ya mwenye wavu uliomnasa, lakini aliyemchoma mkuki wa kwanza, aliyeleta mbwa na waliofukuza kila mmoja ana kipande chake kinachojulikana, na hakuna kubishana mbele ya nyama. Ya pili ni ya nyama aliyejeruhiwa. Ukimpiga kwako akaenda kufia kwa jirani, unaruhusiwa kufuata damu, lakini ukimkuta unasimama, unatuma mtu kwa mwenye udongo. Ya tatu ni fungu la mwenye udongo mwenyewe, mguu au kifua kufuatana na desturi ya ukoo. Fungu hilo halikuwa bei ya nyama. Lilikuwa namna ya kusema mbele ya watu: tunajua hapa ni kwako.

Kanuni ya pili ndiyo nzito zaidi, na haikuwa ya Maniema peke yake. Livingstone huyohuyo alikuwa ameshaikuta mwaka 1856, mbali kusini, karibu na Tete kwenye mto Zambezi, katika nchi ya Wabanyai. Alieleza kwamba tembo akipigwa upande mmoja akafia upande mwingine, nusu ya mzoga iliyolala chini ni ya mwenye nchi, pamoja na jino la upande huo. Mwindaji hakuweza hata kuanza kukata kabla ya mjumbe wa mwenye nchi kufika kushuhudia. Akianza mwenyewe, alipoteza nyama na meno yote mawili. Sheria ya jino la chini ilijulikana katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati, na ukiitazama vizuri ni akili ya juu sana: tembo ameanguka mwenyewe, ameamua mwenyewe upande gani uguse udongo, hakuna wa kulaumiwa kwa kugawa vibaya.

Lakini sheria kama hiyo inadumu pale tu ambapo mwindaji na mwenye udongo wataonana tena kesho. Huko Kabambare, wakati Livingstone anauguza miguu yake, mambo yalikuwa yameanza kugeuka. Pembe katika Manyema zilikuwa rahisi sana. Aliandika kwamba meno ya tembo yaliachwa kuoza porini pamoja na mifupa mingine. Habari hiyo ilipofika Ujiji, wafanyabiashara wakapandwa na homa ambayo yeye mwenyewe aliifananisha na homa ya dhahabu ya California. Msomaji wa Salamabila hahitaji kuelezwa homa ya namna hiyo inafananaje.

Misafara ikafuata. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alikuja na bunduki nyingi, akajenga nguvu zake Kasongo katika miaka ya 1870. Watu wake hawakusubiri mjumbe wa mwenye udongo. Wengine walinunua, wengine walinyang'anya, na pembe zikachukuliwa mabegani hadi pwani. Ni haki kusema pia kwamba Kasongo ya wakati huo ilituachia lugha tunayosema, mpunga tunaokula na dini ya nusu ya majirani zetu. Ila kwa habari ya tembo na ya sheria ya jino la chini, hesabu ilikuwa ya hasara.

Wabelgiji waliteka Kasongo mwezi wa 4 mwaka 1893. Dola Huru ya Kongo ilikuwa imekwisha kuandika sheria zake mezani: mwaka 1885 ilitangaza kwamba udongo usiokaliwa ni wa Dola, na mwaka 1889 ikakataza kuwinda tembo bila ruhusa yake. Udongo usiokaliwa! Pori la kuwindia halina nyumba, halina shamba, kwa hiyo machoni pa karani lilikuwa tupu. Kwa mstari mmoja wa kalamu, vijito vyote vilivyotenganisha koo na koo vilifutwa katika vitabu, ingawa miguuni mwa wawindaji vilibaki.

Kisha zikaja barabara. Vijiji viliamriwa kutoka ndani na kujipanga kando ya njia, ili kodi ipatikane na pamba ilimwe. Pamba ya lazima ilianza Maniema mwaka 1917. Koo zilizokuwa zikikaa mwendo wa siku moja zikawa mlango kwa mlango, na mapori yao yakabaki mbali nyuma, kwenye matongo. Mtu sasa alilala kwenye udongo wa mwingine na kuwinda kwenye udongo wake mwenyewe umbali wa saa nyingi. Ugomvi mwingi wa mipaka unaosikika leo katika barza za masultani umezaliwa hapo, wala si katika chuki ya kabila kama wengine wanavyopenda kusema.

Wakati huohuo ukaja mtego wa waya. Zamani kamba ya mtego ilikuwa ya nyuzi za miti. Inaoza, inahitaji kutengenezwa kila mara, na mtu mmoja hawezi kuangalia mingi. Waya wa chuma, na baadaye waya wa freni za baiskeli, hauozi. Mtu anatega hamsini, anasahau kumi, na hiyo kumi inaendelea kuua. Mboloko aliyenaswa Jumatatu akaonekana Ijumaa ni mzoga. Hapa Waislamu wa Kasongo na Kabambare wana jambo la kusema ambalo halisikiki vya kutosha: Sura ya Al-Maida inamhesabu mnyama aliyekufa kwa kunyongwa kuwa haramu. Katika uwindaji wa wavu, wengi hukimbia kumwahi nyama akiwa hai ili achinjwe kwa Bismillahi, na majirani wa dini mbili wanaweza kula sahani moja. Mtego wa waya umeharibu hata hilo. Kibudu kinauzwa kimekaushwa moshi, na mnunuzi hajui kilikufaje.

Sheria za serikali ziliendelea kuongezeka. Amri ya mwaka 1937 juu ya uwindaji na uvuvi ilitawala hadi sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 1982, ambayo ndiyo inayotumika. Sheria hiyo inataka ruhusa, inalinda nyama wa aina fulani kabisa, sokwe akiwa mmoja wao, na inakataza kuwinda kwa moto, kwa sumu, kwa vilipuzi na kwa silaha za kivita. Wengi hawajui kwamba ndani yake kuna pia ruhusa ya uwindaji ya jumuiya, inayotolewa kwa kijiji badala ya mtu mmoja. Ni mlango mdogo, lakini uko wazi, na ni ajabu kwamba hautumiwi. Kwa upande wa udongo, sheria ya mwaka 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali, na kifungu chake cha 389 kikaahidi amri ya Raisi itakayoeleza haki za wanavijiji juu ya udongo wanaoutumia kwa mila. Kwa makumi ya miaka amri hiyo haikutoka. Mwenye udongo akabaki mtu wa kuheshimiwa siku ya matanga, asiye na karatasi siku ya kesi.

Vita vilimaliza kilichobaki. Uasi wa Simba mwaka 1964, kisha vita vya 1996 na 1998, vilijaza mapori watu wenye bunduki waliohitaji kula. Mwenye kalasinikov hatoi mguu wa nyama kwa mzee yeyote. Na bunduki ya kivita haichagui: jike mwenye mimba, mtoto, wote wanaanguka.

Halafu dhahabu. Namoya ilijulikana tangu wakati wa Wabelgiji, lakini Salamabila ya leo imejengwa na wachimbaji wadogo waliotoka kila upande, na na kampuni ya Banro, iliyotangaza uzalishaji wa kibiashara mwezi wa 1 mwaka 2016, hadi kazi iliposimama mwaka 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Kambi ya wachimbaji inakula kila siku. Watafiti wa shirika la WCS waliozungumza na wachimbaji kando ya Kahuzi-Biega na Itombwe walikuta kwamba wengi hula nyama ya pori kwa sababu hakuna kitoweo kingine karibu. Wenye kujua soko la Salamabila hawatashangaa. Kosa haliko kwa kijana mwenye njaa. Liko hapa: kijana huyo ametoka Fizi, au Kalemie, au Bukavu, na hakuna aliyemwonyesha kijito. Anatega pahali ambapo kwake ni pori tu, na kwa mwenzake ni kaburi la babu.

Yanayopotea si ya heshima peke yake. Mboloko huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, baada ya mimba ya karibu miezi 7. Pori linalotegwa mwaka mzima na watu wasiojuana halimpi nafasi. Desturi ya zamani haikuwa na hesabu za kitaalamu, lakini ilifanya kazi moja ambayo hesabu zingeitaka: mwenye udongo aliweza kusema upande huu mwaka huu upumzike, na majirani walisikia, kwa sababu mwaka ujao wangehitaji ruhusa yake. Upande wa Pangi, Walega waliweka mwiko mzito juu ya kakakuona: haruhusiwi kuuawa, na akikutwa amekufa ni mambo ya wakubwa wa bwami na tambiko. Dunia ilichelewa sana. Ni mwaka 2016 tu ndipo mataifa yalipokubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kakakuona wote.

Katika jimbo hilihili kuna mfano wa karibu. Kabla ya Hifadhi ya Taifa ya Lomami kutangazwa mwaka 2016, wenyeji wa vijiji vya kandokando walifanya matambiko ili kuomba ruhusa ya wahenga kabla ya kuachia pori lao. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa hifadhi ile, lakini waanzilishi wake walielewa kwamba karatasi ya Kinshasa haitoshi. Waliwauliza wenye udongo.

Kwa Kabambare na Kasongo njia iliyopo karibu ni amri namba 14/018 ya mwaka 2014, inayoruhusu jumuiya ya wenyeji kupewa msitu wake wa kimila kwa kudumu, hadi hekta 50,000, kwa sahihi ya gavana. Jumuiya hiyo inaweza kuandika kanuni zake za kuwinda: miezi ya kufunga, aina ya mitego, fungu la mgeni. Lakini kabla ya ombi kufika Kindu, lazima ramani iwepo, na ramani haichorwi ofisini. Wazee wa koo mbili wanapaswa kuingia porini pamoja, na vijana wao nyuma, na kusimama kwenye kila kijito hadi wakubaliane jina lake.