Santuri, Kanda na Simu: Jamaa Zetu wa Brussels na Muziki

Vijana wetu wengi hudhani kwamba muziki wa Kongo ulifika Brussels ndani ya masanduku ya wazazi wao. Si wote. Indépendance Cha Cha ulizaliwa papa hapa. Januari 1960 Joseph Kabasele alikuja na wanamuziki wa African Jazz, pamoja na Vicky Longomba na Brazzos wa OK Jazz, wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara. Tarehe 27 ilikubaliwa kwamba uhuru ungekuwa 30 Juni, na wimbo ukapigwa katika Hoteli Plaza. Gitaa lile ni la Nico Kasanda.

Wazee wa Katanga nao walikuwa na chao, tena kwa Kiswahili: Masanga wa Mwenda Jean-Bosco, uliorekodiwa na Hugh Tracey mjini Jadotville, yaani Likasi, mwaka 1952.

Santuri haikuwa mali ya mtu mmoja. Aliyenunua moja katika maduka ya Matonge, pale Galerie d'Ixelles, Jumamosi alijaza sebule yake wageni, apende asipende. Jalada lilizunguka mkono kwa mkono, tukasoma nani kaimba, nani kapiga gitaa. Ugomvi juu ya mpiga gitaa uliweza kuchukua muda mrefu kuliko wimbo wenyewe.

Kisha ikaja kaseti. Wachache wanajua kwamba ilibuniwa katika kiwanda cha Philips hapa Ubelgiji, mjini Hasselt, na kuonyeshwa Berlin mwaka 1963. Kwetu ilikuwa zaidi ya muziki, kwa kuwa ilikuwa na kitufe cha kurekodi. Asiyejua kuandika aliweza sasa kutuma barua. Kanda zilitoka Bukavu na Lubumbashi mikononi mwa wasafiri: salamu, habari za misiba na mahari, kisha wimbo uliochukuliwa redioni, kisha salamu tena.

Siku hizi muziki hukaa mbali, nasi huuita kwa simu. Spotify ilianza Sweden mwaka 2008, ikafika Ubelgiji 2011 na Kongo yenyewe 2021. Sitaidharau: Masanga, ambao baba yangu aliutafuta miaka mingi, niliupata nikiwa ndani ya tramu. Lakini kila mtu ana vipokea sauti vyake masikioni, na mara nyingi kioo cha simu humtaja mwimbaji tu. Nico hayupo.

Mwaka jana tulifungua kanda ya bibi ya mwaka 1984. Mwanzoni ilikwaruza, utepe ukanasa mara mbili. Kisha bibi akaanza kutuita kwa majina, mmoja mmoja, na nyuma yake jogoo anawika. Wimbo ulipoanza, mpwa wangu aliinua simu. Ikautambua mara moja, nao ukasikika safi kuliko kwenye kanda. Akaniuliza kama na bibi anapatikana humo. Nikamwambia yumo katika utepe huu tu. Alivua vile vya masikioni, akaketi chini karibu na spika.

Tumekwisha kuinakili kanda ile kwenye kompyuta, isipokuwa dakika kama 10 za upande wa pili zilizoharibika kabisa. Humo ndimo alimokuwa akieleza asili ya jina la ukoo wetu. Mashine ya kuchezea kanda bado ni nzima. Jamaa wenye kanda makabatini wazilete siku ya mkutano wetu wa mwaka, na kila moja iandikwe jina la anayesema.