Viambato vya dawa za mzio za kupuliza puani

Dawa ya mzio ya kupuliza puani hutuliza chafya, kamasi jepesi, mwasho na kuziba kwa pua. Kila chupa ina viambato vya aina mbili. Kiambato tendaji ndicho kinachotibu. Visivyo tendaji huibeba dawa, huihifadhi na kuifikisha mahali pake.

Chukua flutikasoni propionati, steroidi inayouzwa kwa majina kama Flonase na Flixonase. Mpulizo mmoja hutoa mikrogramu 50 tu. Hupunguza uvimbe wa utando wa pua, lakini taratibu: nafuu kamili yaweza kuja baada ya siku kadhaa, na wengine huiacha mapema wakidhani haifai. Azelastini huzuia histamini na hufanya kazi upesi zaidi, ingawa huacha uchungu mdomoni. Oksimetazolini hubana mishipa ya damu na kuizibua pua kwa dakika chache. Ikitumiwa zaidi ya siku 3 mfululizo, pua huweza kuziba kuliko mwanzo. Kwa hiyo jina la kiambato lisomwe kabla ya jina la biashara.

Flutikasoni haiyeyuki majini. Chembe zake huelea tu, na chupa ikikaa rafuni huanza kutuama. Ndiyo sababu hutikiswa kabla ya kupuliza. Hapo selulosi, mojawapo ya viambato visivyo tendaji, ina kazi kubwa: mchanganyiko ukitikiswa hulegea na kupita kwenye tundu la pampu, kisha ukitua puani huwa mzito tena, usichuruzike wote kooni. Polisobeti 80 huzilowesha chembe. Benzalkoniamu kloridi, asilimia 0.02, na alkoholi ya feniletili, asilimia 0.25, huzuia vijidudu kuota ndani ya chupa. Hiyo ya pili ndiyo inayonukia waridi pindi unapopuliza, maana kemikali hiyohiyo imo katika mafuta ya waridi.

Hivyo "visivyo tendaji" ni jina linalopotosha. Pua ikichoma kila mara baada ya kupuliza, huenda kinachoisumbua ni kihifadhi wala si steroidi. Budesonidi ya Rhinocort, kwa mfano, haina benzalkoniamu. Huhifadhiwa kwa potasiamu sorbati. Anayepata shida hiyo ampelekee mfamasia chupa yenyewe pamoja na karatasi yake, kwani dawa mbili zenye kiambato tendaji kimoja zaweza kutofautiana katika vilivyobaki vyote.