Simu ya Upepo Isiyohitaji Upepo

Mwishoni mwa mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Karagwe, nchi ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa, wakapokewa vema na Mfalme Rumanyika. Speke aliandika habari za ngoma nyingi zilizopangwa kikaleni na kupigwa mwezi ulipoandama.

Basi fikirini, ndugu zangu, jambo hili. Nuru ya mwezi ule ilivifikia vilima vya Karagwe kwa muda wa sekunde moja na kidogo, hali mlio wa ngoma zile, hata zingalipigwa kwa nguvu namna gani, usingalifika mwezini kamwe. Mlio husafiri katika hewa kama mtu asafirivyo kwa mtumbwi. Ngoma huitikisa hewa, hewa huitikisa hewa iliyo jirani, mpaka sikioni. Penye utupu hapana cha kutikisika.

Nuru haina haja ya mtumbwi. Mwaka 1865 Maxwell, mtaalamu wa Scotland, alionyesha kwa hesabu kwamba nguvu ya umeme ikibadilika huzaa nguvu ya sumaku, na ya sumaku ikibadilika huzaa ya umeme. Hivyo wimbi huenda mbele lenyewe, maili 186,000 kwa sekunde. Ndivyo joto la jua lifikavyo na kuanika buni zetu, ingawa jua li mbali nasi maili 93,000,000, na karibu njia yote ni utupu. Wataalamu wengi hawakuridhika. Walidhani lazima pawe na kitu kisichoonekana cha kuyachukua mawimbi hayo, wakakiita etha. Mwaka 1887 Michelson na Morley wakakitafuta huko Marekani kwa uangalifu mwingi, wasione hata dalili yake. Miaka ile ile Hertz, Mjerumani, alitoa mawimbi ya namna hiyo kwa cheche za umeme, akayapokea upande wa pili wa chumba pasipo waya.

Cheche hizo hazikukawia kufika kwetu. Kabla ya vita vya 1914 Wajerumani walisimamisha mlingoti wa simu hiyo Bukoba, na mwingine Mwanza. Watu wakaiita simu ya upepo. Jina ni tamu, lakini lapotosha: dhoruba ikivuma kutoka ziwani haiharakishi habari wala haiicheleweshi.

Vita vilipokuja, Waingereza waliona taabu. Simu ya waya hukatwa kwa shoka popote njiani. Hii haikuwa na njia ya kukatwa. Ilibidi kuufuata mlingoti wenyewe. Wakatoka Kisumu kwa meli, wakashuka karibu na Bukoba mwezi wa Juni 1915, wakapigana na Wajerumani na askari wao vilimani. Tarehe 23 mji ulitekwa, mlingoti ukaangushwa, na nyumba za watu zikaporwa. Kisha wakapanda meli zao, wakarudi Kisumu.