Kenya: Nani alipe gharama ya chuo kikuu?

Tarehe 20 Disemba 2024 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitoa hukumu iliyofuatiliwa kwa makini katika nyumba nyingi za Kenya. Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba mpango mpya wa kugharimia elimu ya vyuo vikuu, uliotangazwa na Rais William Ruto mwezi Mei 2023, ulikwenda kinyume na katiba. Wananchi, alisema, hawakushirikishwa ipasavyo, na namna ya kuwagawa wanafunzi katika makundi ilikuwa na ubaguzi ndani yake. Mwezi Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo, na mpango ukaendelea kutumika.

Hivyo, mwanafunzi aliyejiunga na chuo mwaka 2023 alisoma chini ya utaratibu ambao mahakama moja iliukataa na nyingine ikaurejesha kabla hajafika mwaka wake wa tatu. Nchi ilifikaje hapo? Mzozo huu ni wa zamani kuliko serikali iliyopo madarakani, na mizizi yake imo katika swali ambalo Kenya imelijibu kwa namna nne tofauti tangu uhuru, bila kuridhika na jibu hata moja.

Zama za 'boom'

Chuo Kikuu cha Nairobi kilitokana na Chuo cha Kifalme cha Ufundi, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Kuanzia mwaka 1963 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam, hadi muungano huo ulipovunjwa mwaka 1970 na kila nchi ikabaki na chuo chake.

Katika miaka ya mwanzo mwanafunzi hakulipa kitu. Serikali ilihitaji upesi watu wa kushika nafasi za maafisa wa kikoloni, na sharti lake kwa mhitimu lilikuwa kuitumikia kwa miaka mitatu. Mwaka 1974 ulianzishwa mpango wa mikopo kwa ajili ya malazi, chakula na matumizi. Fedha za mkononi ndizo wanafunzi walizoziita 'boom', jina ambalo wenzao wa Tanzania wanalo hadi leo kwa matamshi ya 'bumu'. Kwa karatasi ulikuwa mkopo, ila ulichukuliwa kama haki ya msomi, na serikali yenyewe haikujijengea chombo cha kuudai. Wengi walihitimu, wakapata kazi serikalini kwenyewe, na hawakuulizwa hata senti.

Utaratibu huo uliwezekana kwa sababu wanafunzi walikuwa wachache. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na waliosubiri nafasi wakarundikana. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, Kenyatta kikapata hadhi kamili mwaka 1985 na Egerton mwaka 1987. Kisha mwaka 1990 watoto wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 waliingia pamoja na wa mwisho wa kidato cha sita. Vyumba vilivyojengwa kwa watu wawili vikalaza wanne, na wengine wakalala kwa wenzao bila kuandikishwa.

Mwaka 1991, chini ya shinikizo la Benki ya Dunia na masharti ya kurekebisha uchumi, serikali ilitangaza kwamba gharama zitachangiwa. Chakula cha bure kilikomeshwa na kila mwanafunzi akatakiwa kununua sahani yake. Ghasia zilizuka na vyuo vikafungwa. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa waliosimama foleni siku za kwanza za utaratibu huo. Anachokumbuka kuliko mawe na moshi ni wenzake waliokoma kuja bwaloni wakati wa mchana, wakisema kwamba hawana njaa.

Shilingi 16,000

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1995. Katika kipindi hicho gharama ya mwanafunzi mmoja kwa mwaka ilikadiriwa kuwa shilingi 120,000. Kati ya hizo, 86,000 zilikuwa za masomo, ambapo serikali ilitoa 70,000 na mwanafunzi 16,000.

Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo wa habari hii. Karo ya shilingi 16,000 ilibaki vilevile hadi mwaka 2022. Bei ya unga ilipanda, mishahara ya wahadhiri ikapanda, serikali tatu zikapita, lakini hakuna rais aliyekuwa tayari kuwaambia wapiga kura kwamba karo itaongezwa. Nao ruzuku ya serikali haikupanda kwa kasi ya kufidia pengo hilo. Kulikwepa suala lile kwa miaka karibu thelathini kulikuwa uamuzi wa kisera, ingawa haukuandikwa popote.

Vyuo vilitafuta njia ya kupumua. Makerere ilikuwa tayari, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, imefungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia na kujikwamua kifedha. Mwaka 1998 Nairobi ilifuata nyayo hizo kwa mpango wa kujifadhili ambao Wakenya waliuita 'parallel'. Mtoto aliyepata alama zinazohitajika, lakini akakosa nafasi ya serikali, aliweza kusoma darasa lilelile kwa karo kamili. Fedha ziliingia kwa wingi. Vyuo vilikodi maghorofa katikati ya miji, wahadhiri wakalipwa ziada kwa vipindi vya jioni, na wafanyakazi wapya wakaajiriwa.

Wakati huohuo idadi ya vyuo ilipanda. Mwishoni mwa 2012 na mwanzoni mwa 2013 Rais Mwai Kibaki alivikabidhi hati vyuo vingi vilivyokuwa matawi, na vyuo vikuu vya umma vikaongezeka kutoka 7 hadi 22. Kila eneo lilitaka chake, na uchaguzi ulikuwa mlangoni.

Kilichoubomoa mpango wa kujifadhili ni jambo ambalo wachache walilitabiri: udhibiti wa wizi wa mitihani. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 160,000 walipata alama ya C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE. Mwaka 2016, baada ya Waziri wa Elimu Fred Matiang'i kukaza ulinzi wa karatasi, walikuwa chini ya 90,000, na mwaka uliofuata walipungua tena. Sasa serikali iliweza kuwachukua wote waliofuzu. Kuanzia mwaka 2016 iliwapeleka baadhi yao hata katika vyuo binafsi kwa gharama ya umma. Mteja wa kujilipia alitoweka, lakini maghorofa na mishahara vilibaki.

Serikali iliahidi kulipa hadi asilimia 80 ya gharama halisi ya kila kozi. Kufikia mwaka 2022 ilikuwa ikitoa chini ya nusu. Vyuo vya umma vilikuwa na madeni yaliyozidi shilingi bilioni 60, na sehemu kubwa ya madeni hayo ilikuwa kodi, michango ya pensheni na ya vyama vya akiba, yaani fedha ambazo zilikatwa kutoka mishahara ya wafanyakazi wala hazikuwasilishwa kunakohusika. Hilo lina uzito wake. Mhadhiri anayestaafu na kukuta akiba yake haimo amekikopesha chuo bila kuombwa ridhaa.

Nani mwenye amri

Fedha peke yake hazielezi yote. Kwa miaka mingi Rais wa Kenya alikuwa chansela wa kila chuo kikuu cha umma, na naibu chansela, ambaye ndiye mtendaji mkuu, aliteuliwa naye. Chini ya Rais Daniel arap Moi msomi aliyeshika wadhifa huo aliangalia Ikulu kabla ya kuangalia baraza la chuo. Mwaka 2003 Kibaki aliachia cheo hicho na kuwateua watu wengine kuwa machansela, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ikaleta vyuo vyote, vya umma na vya binafsi, chini ya sheria moja na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Sheria hiyohiyo ilianzisha hazina ya kugawa fedha za serikali.

Hata hivyo mkono wa serikali haukuondoka. Mwaka 2018 sheria ilirekebishwa ili Tume ya Utumishi wa Umma ishughulikie uajiri wa manaibu chansela. Mwezi Januari 2020, pale Profesa Stephen Kiama alipoteuliwa kuongoza Chuo Kikuu cha Nairobi, Waziri wa Elimu George Magoha aliufuta uteuzi huo na kulivunja baraza la chuo, na suala likaishia mahakamani, ambako Kiama alipata ushindi. Ikiwa chuo kikongwe kuliko vyote nchini kinaweza kuwa na wakuu wawili wanaogombea ofisi moja, hali ya vyuo vichanga vya mikoani si vigumu kuikisia.

Kuna pia suala la ukabila, ambalo wasomi hulizungumza kwa sauti ya chini. Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Tume inayosimamia sheria hiyo ilichunguza vyuo vikuu mwaka 2012 na kukuta vingi vimetawaliwa na watu wa eneo linalovizunguka. Baraza linaloajiri jamaa wa jirani haliwezi kuwapunguza kwa urahisi fedha zinapokauka.

Makundi matano

Mpango wa 2023 uligeuza utaratibu mzima. Badala ya serikali kukipa chuo ruzuku ya jumla, fedha humfuata mwanafunzi, kwa sehemu kama ufadhili usiorudishwa na kwa sehemu kama mkopo, kulingana na hali ya familia yake. Kwa waliojiunga mwaka 2024 yaliwekwa makundi matano. Familia maskini zaidi hulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, ufadhili ukiwa asilimia 70 na mkopo 25. Katika kundi la juu, la kipato kinachozidi shilingi 120,000 kwa mwezi, familia hulipa asilimia 40, ilhali ufadhili na mkopo ni asilimia 30 kila kimoja.

Tuchukue kozi inayogharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Mzazi wa kundi la kwanza atalipa 10,000, pungufu ya zile 16,000 za zamani. Wa kundi la tano atalipa 80,000. Kwa nadharia, haki imetendeka. Tatizo ni kwamba mwalimu wa sekondari na mfanyabiashara tajiri hujaza fomu ileile, na katika nchi ambayo watu wengi hawana hati ya mshahara, mtambo wa kupima umaskini hutegemea majibu ya mwanafunzi mwenyewe. Wazazi wengi walilalamika kwamba watoto wao wamewekwa katika makundi ya wenye uwezo. Aidha, mkopo umepanda pamoja na gharama: asilimia 25 ya kozi ya udaktari ni deni zito kuliko asilimia 30 ya kozi ya ualimu, na anayebebeshwa ni yule aliyetambuliwa kuwa maskini.

Mwezi Septemba 2024 wanafunzi waliandamana, na Rais alikuwa tayari ameunda kamati ya kuupitia upya mpango huo. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kupunguza karo za kozi mbalimbali. Haikuchukua muda, wahadhiri wakagoma kwa siku 49, hadi Novemba 2025, wakidai malimbikizo ya shilingi bilioni 7.9. Nafuu ya mzazi na mshahara wa mhadhiri hutoka mfuko mmoja.

Majirani wamepita njia zinazofanana. Tanzania iliunda bodi yake ya mikopo kwa sheria ya mwaka 2004. Mwaka 2016 makato kwa wadaiwa yakapandishwa hadi asilimia 15 ya mshahara, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Uganda ilipitisha sheria ya mikopo mwaka 2014.

Kwa Wakenya walioko Ughaibuni suala hili lina sura nyingine. Mkopo wa HELB hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayeacha kulipa huongezewa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, awe Nairobi, Muscat au Minneapolis. Kwa kijana aliyeondoka nyumbani bila kazi, faini hiyo inaweza kulimbikizana kabla hajapata kibali cha kufanya kazi ugenini. Wengi hukumbuka deni lao siku wanapotaka kurudi, mwajiri anapowadai cheti cha bodi kinachothibitisha kwamba hawadaiwi.