Wakili wa Orodha ya Benki: Rehani na Ununuzi wa Nyumba Kigoma-Ujiji

Anayeomba mkopo wa nyumba huambiwa mapema kwamba nyaraka zitaandaliwa na wakili aliye kwenye orodha ya benki. Wengi hulipokea sharti hilo kama wanavyopokea la namba ya NIDA na picha za pasipoti: kitu cha kutimiza ili faili lisonge. Makala haya yanadai kwamba sharti hilo lina sababu nzuri, lakini sababu hiyo ni ya mkopeshaji. Katika mji kama Kigoma-Ujiji, ambako kiwanja kinafahamika zaidi kwa wazee wa mtaa kuliko kwa Msajili wa Hati, mnunuzi anayepokea jina la kwanza kwenye orodha bila kuuliza zaidi amejilinda nusu tu.

Tuanze na haki ya benki. Muuzaji hatoi hati yake kabla ya kuona fedha. Benki nayo haitoi fedha kabla ya hati kuhamia jina la mnunuzi na rehani kuandikishwa juu yake. Hapo biashara ingekwama siku zote, kama si wakili kuandika ahadi ya kitaaluma: nikabidhiwe hati, nitakamilisha uhamisho, nitasajili rehani, fedha zitamfikia muuzaji. Mamilioni ya shilingi hukaa siku kadhaa juu ya karatasi moja yenye saini na muhuri wake. Haishangazi basi kwamba benki inataka kumjua mwenye muhuri. Uingereza nako wakopeshaji huwa na orodha zao, na kwa kawaida wakili mmoja humhudumia mnunuzi na mkopeshaji kwa pamoja hadi maslahi yao yatakapogongana.

Kwetu sheria imesukuma mambo upande huohuo. Sheria ya mwaka 2008 ya masharti maalumu ya mikopo ya nyumba iliifanyia marekebisho Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, hasa kumrahisishia mkopeshaji kudai haki yake pale mkopaji anaposhindwa kulipa. Mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe wanunuzi wa nyumba. Mfumo wote umesimama juu ya dhamana safi, na wakili wa orodha ni mlinzi wa usafi huo. Lakini dhamana safi kwa benki si lazima iwe nyumba tulivu kwa mnunuzi. Benki ikiona kiwanja kina mgogoro, inakataa mkopo na kwenda zake. Mnunuzi aliyekwisha kutoa malipo ya awali hana pa kwenda.

Tofauti hii inaonekana wazi zaidi Ujiji. Mji huu ulikuwa kituo cha misafara muda mrefu kabla ya reli ya kati kufika Kigoma mwaka 1914 na kuuhamishia uzito wa biashara kwenye bandari mpya. Nyumba nyingi za mitaa ya zamani zimepita kwa mirathi, kizazi baada ya kizazi, bila kupita mezani kwa msajili. Tuseme nyumba moja ya tofali za kuchoma, bati limeshika kutu, mwembe uani. Anayeuza anatoa karatasi ya mauziano ya marehemu baba yake: ukurasa wa daftari la mistari, wino wa bluu uliofifia, mashahidi wanne waliotia dole gumba, na muhuri wa mwenyekiti ambaye naye alikwisha kufariki. Baadaye eneo likapimwa, na hati ikatoka kwa jina la mtoto mkubwa peke yake. Upekuzi kwenye daftari utaonyesha jina moja, hakuna zuio, hakuna deni. Kwa karatasi, kila kitu kiko sawa.

Lakini mtoto mkubwa ana wadogo zake. Mmoja aliolewa Uvira, mwingine anafanya biashara Bujumbura. Ziwa halikuwahi kuzitenga familia za huku na za ng'ambo. Je, yupo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na je, warithi wote walifika au waliridhia? Wakili aliyekaa Dar es Salaam na kupokea nyaraka kwa barua pepe hawezi kulijua hili, hata awe hodari namna gani. Atakayelijua ni yule atakayekwenda mtaani Kasingirima, akaketi barazani, akauliza marehemu aliacha watoto wangapi na kwa wake wangapi.

Swali la wake lina uzito wake wa kisheria. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani, na mkopeshaji ana wajibu wa kuchukua hatua za kutosha kujua kama mwenzi yupo. Kwenye ndoa za wake wengi, kiapo cha mume kwamba ana mke mmoja ni ushahidi dhaifu mno. Mtu anayeweka rehani nyumba ya mtaa wa Mwanga anaweza kuwa na mke na nyumba ya pili Kasulu.

Kisha kuna ziwa lenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Miaka ya karibuni Ziwa Tanganyika limepanda, na ukingo umesogea kuwafuata watu majumbani. Kiwanja kilichokuwa mbali na maji siku kilipopimwa huenda leo si mbali tena. Ramani ya upimaji haitasema hivyo. Wakili aliyefika Kibirizi kwa miguu, na futi kamba mkononi ikibidi, atasema.

Kwa hiyo orodha ya benki iwe mwanzo wa kuchagua. Benki ina majina kadhaa. Mnunuzi aombe kuyaona yote, si moja analotajiwa na ofisa mikopo. Hali ya wakili, yaani kama ana leseni hai ya mwaka huo, huonekana kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na hatua hiyo peke yake huwaondoa vishoka, yaani wanaojifanya mawakili. (Vishoka bado wapo, na bei zao ni nzuri. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inawakataza kuandaa hati kwa malipo, lakini kiu ya bei nafuu ni kubwa.) Mahakama Kuu sasa ina kanda yake Kigoma, watu hawafungi tena safari ya Tabora kwa kila shauri, na tangu mwaka 2020 ofisi za ardhi zimesogezwa mikoani. Hoja kwamba wakili mzuri hapatikani isipokuwa Dar es Salaam imepitwa na wakati. Ukaribu una hatari yake, nakiri: wakili wa hapahapa anaweza kuwa shemeji wa muuzaji. Aulizwe hilo waziwazi, na jibu liandikwe.

Swali zito kuliko yote huulizwa mara chache: ada ninalipa mimi, je, wewe ni wakili wa nani? Akijibu kwamba ni wa benki, amesema kweli, na hana kosa. Ila hapo mnunuzi amtafute wa kwake, walau wa kupitia mkataba wa mauziano na historia ya kiwanja kabla malipo ya awali hayajatoka. Ada ya wakili wa pili inauma, lakini ni ndogo kuliko kesi ya mirathi.

Benki nazo zina la kufanya. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, lakini nyaraka nyingi za rehani bado humfikia mkopaji kwa Kiingereza. Benki zenye matawi Kigoma ziongeze kwenye orodha zao mawakili wanaoishi mkoani, na kwenye barua ya ofa ziandike kwa Kiswahili, mstari mmoja tu: wakili huyu anamwakilisha nani.