Taa ya Samli na Daftari la Hesabu

Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Methali hii ya zamani inamjua Mhindi akiwa dukani tu. Ibada yake haiijui, na mimi naona hapo tumepungukiwa.

Alama za Mhindi huyo zimefika hadi bara. Misigiri, wilayani Iramba, ni njia panda ya Kiomboi kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Ukiendelea magharibi unateremka Sekenke. Kwa dhahabu ya Sekenke, Wajerumani walifua sarafu Tabora mwaka 1916, kila moja ikiwa na thamani ya rupia 15. Dhahabu ya Iramba, jina la fedha ya India! Rupia, gari: maneno hayo yalikuja na watu waliokuwa na imani yao, ila hawakuihubiri kwa majirani.

Watu hao walianzia pwani. Zanzibar, enzi ya Sultani Seyyid Said, forodha ilikodishwa kwa jamaa ya Jairam Shivji, Mabhatia, yaani wafanyabiashara Wahindu wa Kachchh, India, waja wa mungu Krishna. Karibu karne nzima ya 19 Mabhatia walivuka bahari bila wake zao. Dini ikabaki kwa mtu na chumba chake. Bhakti, yaani kumpenda Mungu kwa moyo wote, inatoshea mahali padogo: mtu anaoga alfajiri, anachovya utambi wa pamba kwenye samli, anauwasha mbele ya picha ya Mola wake, kisha anafungua duka.

Kati ya vitabu vya Kihindu, kinachonigusa zaidi ni Shikshapatri ya mwaka 1826. Aliyeiandika, Sahajanand Swami, alizaliwa Chhapaiya, India, mwaka 1781, na wafuasi wake humwita Swaminarayan. Aya zake ni 212. Zinakataza nyama, pombe na wizi. Zinamtaka pia muumini aandike mapato na matumizi kila siku kwa mkono wake, asiuziane mali hata na mwanawe bila hati na mashahidi, atoe fungu la kumi la kipato. Maskini atoe nusu ya hilo. Na wakati wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, daftari jipya la hesabu huwekwa mbele ya Mungu, likaandikwa kwa wino mwekundu maneno mawili: heri na faida. Heri hutangulia.

Mahekalu makubwa ya wafuasi wa Swaminarayan yalifuata baadaye. Yogiji Maharaj, kiongozi wa tawi moja la wafuasi hao, alifungua la Mombasa mwaka 1955. Lile la mawe ya kuchongwa la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1999. Huku Tanzania, baada ya majengo ya kupangisha kutaifishwa mwaka 1971, Wahindi wengi walihama, na katika miji midogo ya bara taa zao zilizimika pamoja na maduka.

Msomaji uliye na mzee aliyewahi kununua chumvi au kibiriti kwenye duka la namna hiyo, muulize aliona nini ukutani nyuma ya kaunta, na uyaandike majibu yake angali hai.