Simu Ikianza Kusumbua: Kutengeneza, Kununua Nyingine au Kuhama? Historia ya Ngara Inatufunza



Bibi harusi anapokusanya vitu vyake, swali la simu halikosi. Kioo kimepasuka, chaji haifiki Adhuhuri. Atengeneze, anunue nyingine, au ahamie aina tofauti kabisa? Leo tunalijibu kwa historia, na tunaitafuta mbali na bahari yetu, wilaya ya Ngara mkoani Kagera, inayopakana na Rwanda na Burundi. Wapo mabinti wa visiwani wanaoolewa bara, na huko mikoa ya mbali simu ndiyo inayowaunganisha na mama zao.

Kabla ya simu ya mkononi

Unguja tuliunganishwa na dunia mapema. Waya wa simu ya maandishi ulipita chini ya bahari na kufika hapa mwaka 1879. Ngara ilikuwa hadithi nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu waliokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja, wakikimbia mauaji. Kambi ya Benaco ikajaa. Mama hajui mtoto yuko wapi, mke hajui kama mumewe yu hai. Msalaba Mwekundu ukabeba salamu za familia kwenye karatasi, na mwaka 1995 Radio Kwizera ikaanzishwa hapo Ngara kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji.

Mwaka huohuo wa 1994 kampuni ya Mobitel ilianza huduma ya simu za mkononi Dar es Salaam, lakini Ngara ilikuwa bado mbali na minara hiyo. Tukumbuke hapo tunapolalamikia kioo kilichopasuka. Thamani ya simu ni wale inaotuunganisha nao.

Zama za kitochi

Zantel ilianza kwetu mwaka 1999, Vodacom ikaingia 2000 na Celtel 2001. Minara ikasogea mikoani kidogo kidogo. Simu iliyopendwa vijijini ilikuwa kitochi, na Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 ndiyo mfano wake unaokumbukwa zaidi. Kwa miaka mingi umeme wa Ngara ulitegemea majenereta ya dizeli, na vijiji vingi havikuwa nao kabisa. Mtu alipeleka simu dukani akalipia kuchajiwa. Simu iliyokaa na chaji siku kadhaa ilikuwa rehema.

Wakati huo uamuzi ulikuwa mwepesi. Mfuniko ulifunguka kwa ukucha, betri ikatoka kwa mkono. Betri ikichoka unanunua nyingine, vitufe vikifutika fundi anabadilisha. Na ndani hamkuwa na siri kubwa: namba za watu na ujumbe mfupi.

Simu ikawa mkoba wa pesa

Aprili 2008 M-Pesa ilianza Tanzania, na mitandao mingine ikafuata. Mume aliye kazini Mwanza akaweza kutuma matumizi Ngara bila kumpa dereva wa basi bahasha. Tangu hapo laini ikawa na thamani kuliko simu yenyewe. Kitochi kikizama kisimani unahuzunika, lakini laini ikikosekana mlo wa nyumbani umesimama.

Kisha laini ikafungamana na mwili. Kuanzia Mei 2019 usajili ulihitaji alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, na muda wa mwisho ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Bibi harusi, shika hili: kama una shughuli ya laini, imalize kabla ya siku ya hina. Piko nzito kwenye ncha za vidole inaweza kuisumbua mashine ya kusoma alama.

Somo la Juni 2016

Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchini. Wengi walikuwa wamenunua kwa bei ya kuvutia, wakabaki na kopo. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, hasa kwa simu iliyotumika, bonyeza *#06#, linganisha namba inayotokea na ile ya kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090 upate jibu. Dakika hizo mbili zinalinda mahari yako.

Simu ya kupangusa, na sitara yetu

Simu janja ilibadilisha kila kitu. Betri imegandishwa kwa gundi, kioo kimeshikana na sehemu ya kugusia, na kuifungua kunataka joto na vifaa. Hata Ulaya wamechoshwa: sheria yao ya mwaka 2023 inataka ifikapo Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe.

Ila kwetu sisi wanawake, badiliko kubwa liko ndani. Simu sasa imebeba picha za singo, za kupambwa, za ukumbi wa wanawake tulipovua mabaibui, na mazungumzo ya mke na mume. Bibi zetu walikuwa na sanduku lenye kufuli, na ufunguo haukupewa mtu wa njiani. Simu ndilo sanduku letu, na sitara iliyomo ni amana. Zimo hata picha za wenzetu ambao hawajaturuhusu kuzionyesha.

Basi kabla ya kwenda kwa fundi, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Hamisha picha, kisha zifute, na lile pipa la zilizofutwa ulimwage pia. Kubadilisha kioo au betri hakuhitaji fundi ajue neno lako la siri, kwa hiyo usimwandikie kwenye karatasi. Kaa pale, au akae mahram wako, mpaka kazi iishe. Fundi mwaminifu haoni vibaya.

Si kila kasoro ni ubovu

Ngara ina funzo jingine. Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukikaa karibu na mpaka, Rusumo au Kabanga, simu inaweza kunasa mnara wa upande wa pili na saa ikarudi nyuma yenyewe. Mtu anadhani simu imeharibika, anaipeleka kwa fundi, na huku Magharibi inampita. Dawa ni kwenye mipangilio: zima saa ya kujiweka yenyewe, chagua saa za Afrika Mashariki, na uchague mtandao wako kwa mkono. Na wewe unayehamia huko, usitumie ratiba ya sala ya Unguja. Jua la Ngara huchelewa kuzama kwa takriban nusu saa kuliko letu.

Sasa uamue

*Tengeneza* kama kilichokufa ni kioo, betri au tundu la chaji, na gharama haifiki nusu ya bei ya simu nyingine kama hiyo. Betri iliyovimba isisubiri hata siku moja, wala usiitoboe, inaweza kuwaka moto.

*Nunua nyingine* kama ubao mkuu umeungua, au simu haipokei tena masasisho ya usalama na programu ya benki inaikataa. Kununua kwa haja si israfu. Israfu ni kuacha simu nzima kwa sababu shoga ametoka na mpya.

*Hama* kwa hesabu. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako ikabaki ileile, kwa hiyo uliza kwanza mtandao gani unashika vizuri kwenye vilima vya huko uendako. Ukihama kutoka Android kwenda iPhone, nakala ya WhatsApp iliyohifadhiwa Google haifunguki moja kwa moja upande wa pili. Uhamisho hufanyika simu zote mbili zikiwa hai. Usingoje ya zamani izimike.

Na simu ya zamani isiuzwe wala kupewa mdogo wako kabla ya kutoka kwenye akaunti zako zote na kuifuta yote. Sanduku halitolewi na nguo ndani.

Mwaka 1994 pale Rusumo watu walitafutana kwa karatasi. Leo binti aliye Ngara humwona mama yake aliye Pemba usoni. Ni neema, na neema hutunzwa. Allah atuhifadhie sitara zetu na awabariki maharusi wetu wote. Aamin.